Wekulo na Foleni ya Chupa

Bwana Zablon Wekulo anastaafu tarehe 30 Juni 1986, baada ya miaka ishirini na sita katika kituo chetu cha mafuta hapa Ziwani. Alianza kwa kuosha magari. Muuzaji wa mafuta ya taa alipohamia Nakuru, Wekulo alishika mpini wa pampu ile na hakuuachia tena.

Wageni hushangaa kuona foleni yetu haina watu. Akina mama huacha chupa zao chini, zimezibwa kwa vigunzi, kisha wakaenda zao sokoni Kariokor. Wekulo anajua kila chupa ni ya nani, na hajawahi kuruhusu moja iruke nyingine, hata ya kasisi.

Wengi tunamkumbuka kwa Jumamosi moja. Gharama ya maisha ilikuwa imepanda, na serikali ilikuwa imepunguza ushuru wa mafuta ya taa kwa miezi mitatu ili watu waweze kupika. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya punguzo hilo. Chupa zilifika hadi barabarani, nyingine zimetoka Mathare. Saa sita mchana meneja wa wakati huo alimwagiza afunge pampu, mafuta yaliyobaki yauzwe Jumatatu kwa bei mpya. Akamkumbusha pia kwamba kazi haziokotwi.

Wekulo alifuta mikono. "Chupa ikishasimama hapa, mwenyewe amefika," alisema. "Nitafunga foleni ikiisha."

Aliwarudisha wachuuzi waliokuja na madebe, akauza chupa moja kwa kila nyumba. Jirani yake Nthoki alimtania kwamba akifukuzwa atamwajiri kuteka maji. Tangi lilikauka ikiwa imebaki chupa moja. Ilikuwa ya Roseline, mkewe. Wekulo mwenyewe ndiye aliyeiweka mwisho.

Roseline aliichukua tupu, akawageukia waliokuwa wakicheka. "Haya, mume huyu ni wenu. Mpikieni."

Jumatatu Wekulo alisimamishwa kazi wiki mbili bila mshahara. Kila jioni sufuria ziliingia nyumbani kwao, leo githeri ya Nthoki, kesho sukuma ya jirani mwingine. Wiki zote mbili zilipita Roseline hajawasha stovu, na hakuna aliyelala njaa nyumbani mwake.

Asante, ndugu yetu. Sisi wafanyakazi wenzako tunakuombea wewe na Roseline afya njema, mvua ya kutosha huko nyumbani Kimilili mnakorudi, na miaka mingi ya utulivu.