Wa Mkupuo

Benchi lile la wanywa kahawa linatazamana na jengo lililokuwa nyumba ya kulelea watoto wasiotakiwa kwao, na siku hiyo tingatinga lilikuwa limeanza kulibomoa. Waliolikalia ni walewale: Kinyozi asiye na wateja, Dalali anayeuza viwanja visivyo vyake, na Digrii, msomi asiye na kazi, mwenye ulimi wa wembe. Digrii alikulia mle ndani, na tangu asubuhi macho yake hayakubanduka kwenye vumbi.

— Wale watoto walisafirishwa ng'ambo, ndege nzima nzima, alisema Kinyozi.

— Ndege umeijulia wapi wewe? Dalali akamkata. Waliolelewa mle ndio vigogo wa leo. Wanaficha tu.

— Basi na mimi kigogo, alisema Digrii. Ndiyo maana mmenikalia.

Wawili wakacheka.

— Haya, tueleze wewe mwenyeji, alisema Dalali.

— Ilikuwa biznesi, kaka. Kuna watoto wa mwezi na wa mkupuo. Mimi wa mwezi: bibi yangu alituma hela kila mwezi, kwa hiyo maziwa nilipata, na nikiugua daktari anaitwa. Nikifa, hela inakata.

— Na wa mkupuo?

— Hela yote imeshaingia. Maziwa ya nini tena?

Hakuna aliyepeleka kikombe mdomoni. Ndipo akaja mama mmoja wa makamo, mkoba kaukumbatia kifuani.

— Hamjambo, wanangu.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Naona wanabomoa, sijui niulizie wapi. Mwanangu aliletwa hapa mchanga kabisa, mimi bado niko shule. Baba yangu alikuwa mkali, lakini kwa hili sina la kumlaumu. Alilipa yote kwa mkupuo, mjukuu wake asije akapungukiwa.

Dalali akainama, akaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Kinyozi akamtazama Digrii.

— Ni wa kiume, ana doa kisogoni, mama aliendelea. Nyinyi ni watu wa hapahapa. Wale wa mkupuo walipelekwa wapi?

Digrii alifungua kinywa. Tangu amalize chuo hajawahi kukosa neno, hata la kumchoma asiyemkosea. Alitafuta kwa Kiswahili, akatafuta kwa Kiingereza, kote kukavu. Akasogea, akampisha nafasi.

— Keti kwanza, mama.

Mama akaketi, akamgeukia, akawa anaitazama midomo yake.