Vifaru Tisa na Zege la Saa Mbili

"Vifaru vyetu tisa vilifika kilimani askari wa miguu wakiwa bado ng'ambo ya mto," mwanajeshi mstaafu alimsimulia jirani yake ndani ya basi. "Redio ya kamanda ikafa, naye alishatukataza kusogea bila amri yake. Tukakaa palepale, tukapigwa kama ngoma."

Jirani huyo, msimamizi wa ujenzi aitwaye Mama Zege, alicheka. Sisi wa kiti cha nyuma tuliacha kutafuna, kwa heshima ya vita. "Babu, kamanda wenu alikuwa mzembe. Leo namwaga zege la ghorofa nzima, na mafundi wangu thelathini hawashiki hata koleo bila neno langu."

"Na simu yako ikizima, mwanangu?"

"Imezima tangu alfajiri. Zege lilipangwa kufika saa mbili, sasa ni saa nne, foleni tu hii. Watanisubiri, nimewafundisha nidhamu."

"Wao watasubiri. Zege nalo umelifundisha?"

Kabla hajajibu, basi lilisimama mbele ya geti la ujenzi wake. Ndani, malori matatu ya zege yalikuwa yamejipanga, na mafundi thelathini wameketi kwa nidhamu kamili, macho barabarani. Mzee aliinuka kumpisha, akampigia saluti.