Helka Immonen, Aliyepima Masikio ya Panya

Ndugu, majirani, na ninyi watu wa maabara mliokuja na theluji yote hii, familia inawasomea maisha ya Helka Maaria Immonen kama yalivyokuwa, bila kumremba, maana tukimremba atainuka atusahihishe.

Helka alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kijijini Juuka, hapa Finland, mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Eino Turunen, mkata magogo, na mama Lempi, na tusidanganyane, hakuwa mtoto wa kubembelezeka, alikuwa mkaidi, mwenye macho ya kukagua, akipewa viazi anaangalia kwanza sahani ya mwenzake.

Alianza shule Agosti 1958 hapohapo Juuka, akamaliza sekondari mwaka 1970, na dada zake, walioishia darasa la sita wakaingia zizini kukamua, hawakumwonea wivu, au walimwonea kidogo tu. Akaenda mji wa Kuopio kusomea ufundi wa maabara, akahitimu Mei 1973, na tarehe 1 Agosti mwaka huo akaajiriwa katika maabara moja ya magonjwa ya ngozi mjini humo, kutunza panya weupe, kuwadunga, kuwapima na kuandika, kazi ambayo mama yetu Lempi hakuielewa mpaka anakufa.

Aliolewa na Kalervo Immonen, dereva wa gari la maziwa, Jumamosi tarehe 26 Juni 1976, sikukuu ya Juhannus ya katikati ya kiangazi, katika kanisa la Juuka, mvua ikinyesha, na bwana harusi amelewa kidogo kuliko tulivyotarajia.

Walijaliwa watoto wawili, Sirpa mwaka 1977 na Jouni tarehe 3 Novemba 1980, na Jouni alikuwa na pumu ya ngozi tangu uchanga, viwiko na magoti mekundu kama nyama mbichi, akilazwa na soksi mikononi asijikune mpaka damu. Bibi yake Lempi alimwosha kwenye sauna, bafu letu la mvuke, kwa sabuni ya lami, mtoto akalia kijiji kizima kikasikia, majirani wakasema ni maziwa, wengine wakasema ni mbwa, na daktari akasema kinga ya mwili wake inapigana na vitu visivyo na kosa, vumbi, manyoya, chavua. Helka aliwasikiliza wote, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyemjibu, kwamba kuna wiki mtoto anapoa mwenyewe, sasa anayempoza ni nani?

Swali hilo alikaa nalo miaka ishirini na ushee, mpaka Februari 2003, Profesa Hyttinen, mkuu wa maabara, ambaye yupo hapa safu ya tatu, alipokuwa na hakika kwamba kundi fulani la seli za kinga ndilo linalochochea uvimbe wa mzio. Akaagiza nusu ya panya wapewe dawa ya kuliondoa kundi hilo, wote wapakwe masikioni kitu kinachowaletea mzio, na Helka apime unene wa sikio kila asubuhi. Walitarajia waliopewa dawa watulie, lakini masikio yao ndiyo yaliyovimba maradufu. Profesa akamwambia mezani, watu wote wameshika vikombe vya kahawa, "Helka, umechanganya panya. Matundu ya alama sikioni yamezibwa na uvimbe, ukasoma vibaya."

"Sikuweka alama sikioni," Helka akajibu. "Sikio ndilo ninalolipima, nilitoboe tena? Nimewachora mkiani kwa wino, na wino ukififia narudia."

Hakuaminiwa, na ilisemwa wazi kwamba huenda umri umeanza kumchosha, akaoshe chupa. Akaomba kazi irudiwe, profesa mwenyewe awachore panya, ajue yeye peke yake nani kapewa dawa, orodha aifungie kwenye droo yake, na Helka apime bila kujua kitu, na profesa akaja na kitoboleo cha masikio kwa mazoea, Helka akamnyang'anya akampa kalamu.

Wakati huo viganja vyake vilikuwa vimeanza kutoka vipele, mzio wa panya haohao, kama unavyowapata wengi wa kazi ile, na daktari wa wafanyakazi angejua angemwondoa siku hiyohiyo, neno lake likafa pamoja na kazi. Alivaa glavu mbili mbili wiki tatu, nyumbani akamwambia Kalervo ni sabuni, na hatumsifu kwa hilo, ulikuwa ujinga, na kifua chake kilimdai baadaye.

Orodha ilifunguliwa Ijumaa tarehe 28 Machi 2003, mezani palepale, na majibu yalikuwa yaleyale. Profesa aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Basi tuliwafukuza waliokuwa wanatuliza." Maana seli zile hazikuwa wachochezi, ndizo zilizokuwa zikiwashika mikono wengine wasizidishe. Jumatatu yake Helka alikwenda mwenyewe kwa daktari akavua glavu, akahamishiwa kwenye darubini, na taarifa ilipochapishwa jina lake lilikuwa la pili, juu ya madaktari wanne. Jouni hakupona kwa hilo, bado anajipaka mafuta viwikoni, lakini alipata jibu la swali la mama yake.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2014, moyo ukaanza kumsumbua Oktoba 2022, na Alhamisi tarehe 8 Februari 2024, saa nne asubuhi, akatutoka hospitalini Kuopio, akiwaacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao aliwasahihisha namna ya kushika sindano wakamvumilia, majirani walioondoa theluji mlangoni na kuleta mikate, na wenzake wa maabara, ambao tunawaomba jambo moja tu, mkiwasimulia wanafunzi habari ya seli zile, msiseme iligunduliwa, mtajeni aliyepima.

Pumzika salama, Helka, ulipima sawasawa.