Gia ya Pili Kabla ya Sabato

Benchi la Gulled lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya mawe mawili, nje ya duka lake mjini Kisii, na Ijumaa ile ya mwaka 1971, saa tisa alasiri, lilikuwa limejaa. Gulled alikuwa ametoka msikitini, na birika lake la kahawa lilikuwa likifuka juu ya makaa. Mbele ya benchi ilisimama Pijo 403 ya kijivu, boneti wazi kama mtu anayepiga miayo. Mwenyewe, Ratemo wa Nyakoe, ndiye pekee aliyeshika kikombe cha maziwa ya moto, maana Waadventista hawanywi kahawa, na ndiye pekee aliyekuwa akitazama jua. Likizama tu, Sabato imeingia na spana zimelala. Jumapili asubuhi Pijo hiyo ilikuwa impeleke bintiye Nyanchera kanisani Sironga kuolewa, milima mitupu njiani, na tangu Jumatatu gia ya pili ilikuwa imekataa katakata.

— Hebu rudia, Omogaka, mzee wetu. Inalia aje?

Aliyeuliza ni Obwocha, ambaye benchi lilimwita Klachi kwa kuwa aliwahi kuendesha lori la idara ya barabara miaka kumi.

— Nikitoka ya tatu nikitafuta ya pili, grrrr! Kama mtu anasaga wimbi na mchanga. Nikilazimisha, inanisukuma mkono.

— Hayo ni meno. Mafuta siyo. Mafuta ya giaboksi nilibadilisha mimi mwenyewe Jumapili, nikaweka mazito, ya lori! Yule mwalimu alikuuzia hii gari alikuwa anaweka ya injini, mepesi kama maji. Ati injini na giaboksi zinakula chungu kimoja. Uchoyo tu.

Ratemo aliitikia kwa kichwa. Ni yeye aliyeagiza hayo mazito. Gari la kubeba bibi arusi, alikuwa amesema, halitakula makombo ya injini.

Onsongo alisogea mbele. Wao walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzimia.

— Dawa ni maganda ya ndizi. Dereva wa basi la Kericho aliniambia. Unatwanga, unatia ndani ya giaboksi, kelele kwisha!

— Kelele kwisha, na gia je? aliuliza Gulled.

— Gia itaingia kwa aibu.

— Wewe unataka kulisha gari matoke? alidakia Jethro, mchongaji wa mawe ya sabuni kutoka Tabaka, nguo zake nyeupe kwa vumbi la mawe. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaifungua juu ya benchi. Shikeni huu unga. Ni jiwe la kwetu. Shikeni! Unateleza, hautelezi?

Vidole vikaingia vyote kwa pamoja. Ratemo naye akashika. Ulikuwa laini kuliko poda ya mtoto, na moyo wake ukaruka.

— Unateleza! alisema.

— Si nilisema? Sasa fikiria meno ya gia yakipakwa hii. Vijiko vitatu. Haba na haba hujaza kibaba!

— Viwili, alisema Klachi. Gari ni nzee.

— Jiwe ndani ya chuma? Gulled alishangaa. Jiwe ni jiwe, jamani.

— Hili si jiwe ya kuogopa! Tunalikata na panga!

— Changanya na maganda, alisema Redio. Ipate chakula na kinywaji.

— Ngojeni! Klachi alisimama, kahawa ikamwagika. Nimejua. Yule mwalimu alikuwa mwimbaji, besi. Kila mlima alikuwa anapanda akiimba. Meno yamezoea besi! Ratemo, wewe unaimba sauti ya tena, ile nyembamba. Gia inasikia sauti ngeni, inakataa.

— Basi Jumapili tutamweka mtu wa besi kiti cha nyuma!

— Na akikohoa mlimani?

— Hiyo yote ya nini? alipaza Redio. Hakuna gia yenye nguvu kama rivasi. Apande mpaka Sironga na rivasi!

— Bibi arusi aingie kanisani kinyumenyume?

— Kwani ubaya uko wapi? Atakuwa anawaona wageni wake wote wakimfuata.

Benchi liliyumba kwa kicheko. Ratemo hakucheka. Alikwisha kuwaambia wakwe kwamba Nyanchera atafika kwa gari la babake, si la kuazima. Aliona Pijo imekwama katikati ya mlima, na mwanawe akishuka, gauni jeupe mkononi, viatu matopeni.

— Usihuzunike, Redio alimwambia. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari yako imekataa kutembea. Basi ni chema!

Ratemo alitazama jua tena, kisha akaweka kikombe chini.

— Jethro. Lete huo unga.

Wote waliinuka. Klachi aliingia chini ya gari na spana, akalegeza kifuniko cha kujazia mafuta. Redio akakunja karatasi kuwa mrija. Jethro alikwisha chota kijiko cha kwanza pale Nyamoita, mke wa Ratemo, alipotokea sokoni na kikapu.

— Baba Nyanchera, mnafanya nini?

— Tunatibu gia ya pili, Mama, alijibu Jethro. Tangu Jumatatu imekataa.

Nyamoita aliweka kikapu chini. Hakuwa ameshika usukani maishani mwake.

— Na mafuta mlibadilisha lini?

— Jumapili, alisema Klachi kutoka chini ya gari.

— Kwa hivyo ilianza kukataa kabla ya kubadilisha, ama baada?

Jethro alirudisha unga karatasini, polepole, asimwage hata chembe. Ratemo alihisi masikio yakimwaka.

— Gulled, alisema hatimaye, unayo mafuta ya injini?

— Mikebe miwili.

— Leta.

Wakapasha injini moto kwanza. Klachi alipofungua chini, mafuta ya lori yalishuka kwenye karai kivivu kama uji uliolala. Wakajaza yale mepesi, Klachi akafunga, na wote wakang'ang'ania viti ndani ya gari. Hata Gulled alimwachia jirani duka. Nyamoita akakaa mbele, kikapu magotini.

Mlima ulianza. Ya tatu ikaanza kuchoka, gari likatetemeka.

— Sasa! Sasa!

— Imba besi!

— Usiilazimishe, Omogaka!

Ratemo alikanyaga klachi, akasogeza mkono. Pijo ikaendelea kupanda. Nyuma walikuwa wamefumba macho, wakingoja ile kelele.

— Ingiza ya pili basi! alipiga kelele Redio.

— Nimeshaingiza, alisema Ratemo.