Eom Jeong-rye Arudishwa Heukgol

Benchi letu liko mbele ya duka langu, chini kidogo ya stesheni ya Heukgol, na tuliliokota siku kampuni ya makaa ilipofunga lango na kuondoka. Mguu mmoja ulishavunjika, tukauwekea tofali. Mimi wananiita Maji Moto kwa sababu ya birika. Kahawa ni ya paketi, tunanywea vikombe vya karatasi. Hukaa hapo Redio, asiyepitwa na habari hata ya kuku kutaga. Msimamizi, aliyetusimamia shimoni na bado anapiga shati pasi kana kwamba kesho kuna zamu. Na Kifua, ambaye vumbi la makaa lilimmaliza mapafu, anatembea akivuta mtungi wa oksijeni wenye magurudumu. Asubuhi hiyo ya Oktoba Kifua aliwahi kufika. Akaliona bango jipya kwenye ukuta wangu, picha ya mwanamke mwenye mvi na maneno makubwa: EOM JEONG-RYE, BINTI WA HEUKGOL, FAHARI YA WILAYA. Akalichana katikati.

REDIO: We! Hiyo mali ya serikali. Hiyo ni kesi, kaka.

KIFUA: Waje. Wanibebe na mtungi wangu.

MSIMAMIZI: Ungeniachia mimi. Yule mwanamke katutukana dunia nzima.

KIFUA: Sijalichana kwa ajili yake. Nimelichana kwa ajili ya hao waliobandika! Mwaka themanini na mbili wilaya hiihii ilirundika vitabu vyake uwanja wa shule, ikatia moto. Tulipangwa mstari tutazame, watoto wakapigishwa makofi. Leo kafa, ndo wanamwita fahari? Wana macho makavu hawa!

Nikamjazia kahawa atulie. Hakutulia.

Jeong-rye tulimfahamu sote. Alikuwa karani wa zahanati ya mgodi, msichana mwembamba wa miaka ishirini na sita, kazi yake kuandika kadi za wagonjwa. Ukiingia kupigwa picha ya kifua, yeye anakuuliza umri, zamu, umekohoa tangu lini. Watu walimzoea kwa sababu alikuwa anasikiliza mpaka mwisho. Hatukujua kwamba jioni anarudi chumbani kwake anaandika tena, upya, kila alichosikia.

Na kilichokuwepo cha kusikia ni kimoja. Septemba ya sabini na nane maji yalivunja ukuta wa njia ya tatu, yakawafungia watu tisa. Siku ya tano kampuni ikatangaza wote wamekufa, ikahamishia pampu za maji na hewa shimo la pili ili kazi isisimame. Mama Yeong-gil, mchambua makaa, mumewe alikuwa ndani. Akaenda mdomo wa shimo, akalaza sikio kwenye bomba la hewa, akasema wanabisha. Wakamtoa. Akarudi. Wakamtoa kwa fimbo. Akarudi. Siku kumi na moja. Jeong-rye akaandika kitabu juu ya mwanamke huyo, kikapigwa marufuku hata kabla wino haujakauka.

REDIO: Mimi nilishasema. Alilipwa na magazeti ya Seoul.

KIFUA: Alilipwa? Alikaa ndani miezi mitano! Alitoka vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Ikabidi ajifunze kuandika kwa kushoto, kama mtoto wa darasa la kwanza.

REDIO: Ndo hapo sasa! Mtu wa kushoto ataandikaje vitabu vinane? Kuna padri alimficha kule Seoul. Padri ndiye aliyeandika, yeye akaweka jina.

MIMI: Redio, padri atajua wapi harufu ya chumba cha kubadilishia nguo cha zamu ya pili?

REDIO: Atakuwa aliungamiwa. Halafu niwape nyingine. Hajafa. Shemeji yangu alikuwepo mazishini, jeneza lilikuwa jepesi, vijana wawili wanalibeba huku wanapiga soga. Yuko ng'ambo anakula zile hela za tuzo ya vitabu vyake.

KIFUA: Jepesi kwa sababu alikuwa na njaa maisha yake yote, mpumbavu wewe! Chumba kimoja juu ya karakana ya viatu, miaka thelathini! Hakuolewa, hakuajiriwa, kila akipata kazi polisi wanamfuata mwajiri. Unakunywa kahawa ya watu unasema jeneza jepesi!

Alisimama nusu, pumzi ikamkata, akakaa tena. Redio akasogea pembeni. Hapo ndipo Msimamizi alipoweka kikombe chini, taratibu, kama mtu anayefungua kikao.

MSIMAMIZI: Mkimaliza kulia, niwaambie ukweli. Kitabu kile ni cha uongo. Hakuna aliyebisha kwenye bomba. Maji yakipita chumani hugonga. Nilieleza wakati ule, naeleza na leo. Wafanyakazi kumi na wawili walisaini karatasi kwamba hawakusikia kitu.

KIFUA: Walisaini.

MSIMAMIZI: Kwa hiari yao.

KIFUA: Mzee, usinichezee. Usinichezee leo.

MSIMAMIZI: Nasema hivi: mtu mmoja alimlisha yule msichana maneno. Mambo ya ile karatasi hayakutoka nje ya ofisi yangu. Miaka thelathini na tatu namtafuta mtu huyo. Kampuni ilinishusha cheo kwa sababu yake. Na wewe ungenisaidia kumtafuta, maana kitabuni kakuweka wewe. Yule mwoga anayetoka shimoni kuchukua magogo ya kuegemeza dari, anawaacha wenzake, halafu anasaini. Mji mzima ulijua ni nani.

Kweli tulijua. Watoto walikuwa wakimwimbia njiani. Mkewe alikuwa haendi sokoni mpaka watu wapungue. Nilitazamia Kifua amrushie kikombe. Badala yake alitoa ule mpira wa hewa puani, akaushika mkononi.

KIFUA: Ni mimi.

MSIMAMIZI: Najua ni wewe, nasema...

KIFUA: Niliyemwambia ni mimi! Umenielewa? Mimi!

Redio akamgeukia. 

KIFUA: Nilisikia wakibisha. Mara tatu, kimya, mara tatu. Maji hayahesabu, mzee. Uliniita ofisini ukaniambia nisiposaini nitoke nyumba ya kampuni jioni hiyohiyo. Mke wangu alikuwa na wiki mbili tangu ajifungue. Nikasaini. Wewe ulinipa kalamu, ukanipa na sigara. Miaka miwili nikawa silali. Siku nimeenda kupiga picha ya kifua yule binti akaniuliza, "Umekohoa tangu lini?" Nikamwambia tangu nisaini. Nikamwaga yote.

MSIMAMIZI: Wewe... na karatasi?

KIFUA: Na karatasi. Na sigara pia, aina yake. Umeisoma ile sigara kitabuni? Basi. Na mimi nikamchukia! Nilimchukia miaka yote, nikasema kaniuza, kanifanya kikaragosi cha mji. Lakini miezi mitano wale watu walikuwa wanamuuliza kitu kimoja tu: nani alikwambia? Walimvunja kidole, wakauliza. Wakavunja cha pili. Angesema jina langu ningekufa mule ndani na wanangu wangekula majani. Hakusema. Na mimi sikumwandikia hata barua. Nilikuwa najua anakaa wapi!

Akapiga benchi kwa ngumi. Kahawa ya Redio ikamwagikia suruali.

MSIMAMIZI: Ulikula chumvi yangu miaka yote hii, hapa hapa, unanitazama machoni.

KIFUA: Na wewe ulikuwa unanitazama vipi? Ulifunga hewa ya watu tisa!

MSIMAMIZI: Niliamriwa!

KIFUA: Basi sema hivyo! Sema mara moja, kwa mdomo wako, kwamba walikuwa wanabisha!

Msimamizi alikuwa amesimama, mishipa imemtoka shingoni. Nilijiingiza katikati yao na birika mkononi, nikijiona mjinga. Tukiwa hivyo ndipo gari dogo la mizigo liliposimama, akashuka mwanamke wa miaka arobaini hivi, mikono ya koti imejaa vumbi jeupe. Akainama.

— Shikamooni wazee. Naitwa Tae Bo-mi, mchonga mawe. Ndugu zake Eom Jeong-rye wamenituma.

Kifua alirudisha mpira wake puani. Msimamizi hakukaa, lakini alishusha sauti.

MSIMAMIZI: Unakuja kuchonga sanamu yake?

BO-MI: Hapana baba. Sanamu wanaitaka wilaya. Yeye aliacha maandishi kwamba asichongwe. Alitaka jiwe liwekwe pale mdomo wa shimo, lenye majina kumi. Wale tisa, na huyo mama aliyewasikia. Ndugu wameshinda kesi jana, jiwe linawekwa.

 Redio alivua kofia.

BO-MI: Majina tisa nimeyapata. La mama sina. Kitabuni mwandishi alimpa jina la kubuni, na mwishoni kaandika kwamba alimwomba la kweli, mama akacheka, akasema hata yeye hajalisikia likiitwa tangu aolewe. Karatasi za kata zilikwenda na mafuriko. Alihamia Busan kwa mwanawe, mwana naye kafariki. Nimeambiwa nyinyi ndio mliokaa naye.

KIFUA: Tumekaa naye! Alikuwa akiketi hapohapo uliposimama, anamenya vitunguu saumu.

BO-MI: Basi nimefika penyewe. Alikuwa anaitwa nani?

REDIO: Mama Yeong-gil.

BO-MI: Hilo ni jina la mtoto, baba. Lake mwenyewe.

Redio alimtazama Kifua. Kifua alimgeukia Msimamizi, na ile hasira yote ikamrudia usoni.

KIFUA: Wewe ulishika daftari la zamu! Miaka kumi na miwili ulikuwa unamwita asubuhi na jioni! Sema!

MSIMAMIZI: Wanawake wa kuchambua... tuliandika mama fulani, mke wa fulani. Hatukuwa na safu ya... Na wewe? Mumewe alikuwa mwenzako wa jozi shimoni!

KIFUA: Alikuwa anamwita "mtu wa nyumbani." Hakuwahi... Maji Moto! Wewe ulikuwa jirani yake. Mwambie binti!

Bo-mi alishatoa daftari na penseli, akanigeukia. Mwanamke yule alikaa mlango wa pili kutoka kwangu miaka ishirini na sita. Mke wangu alipougua, ndiye aliyekuwa akimlisha uji kwa kijiko, na kumfulia, na kumwimbia. Marehemu mke wangu lazima alilijua jina lake. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni, nasema asante mama, napokea bakuli.