Rispah Nyaboke na Mfuko Mwekundu wa Basi Namba Saba

Wasikilizaji wapendwa, nawasalimu Ijumaa hii popote mlipo, hapa Deira, kule Sharjah, au nyumbani Afrika Mashariki. Leo tumemweka mbele mtu ambaye maishani mwake hakupenda kukaa mbele. Alipenda kiti cha katikati, upande wa mlango, ili awaone watoto wote kwa mara moja.

Jina lake ni Rispah Nyaboke. Alikuwa mhudumu wa basi la shule. Basi namba saba, la shule moja ya Al Garhoud, hapa Dubai. Alitutoka tarehe kumi na nne mwezi wa nane, mwaka huu wa elfu mbili kumi na nane, akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Kwa waliofungua redio sasa hivi, narudia. Tunamkumbuka Rispah Nyaboke, mhudumu wa basi la shule, mzaliwa wa Nyamira, Kenya.

Nilikwenda kuwasikiliza waliomjua. Nilijiandaa kwa machozi, na machozi yalikuwepo. Lakini kila niliyekaa naye alimalizia kwa kushukuru. Nami nitajaribu kuyasimulia kama walivyonipa.

Rispah alikuwa mwalimu wa chekechea Nyamira. Alifika Dubai mwaka elfu mbili kumi na moja, akamwacha binti yake Daisy kwa mama yake mzazi. Kazi aliyoipata ilikuwa ya kuwapandisha watoto basini, kuwafunga mikanda, kuwahesabu, na kumkabidhi kila mmoja mkononi mwa mtu wake. Mtoto wa mwisho akishashuka, alikuwa na desturi yake. Alitembea mpaka kiti cha nyuma kabisa, akigusa kiti kimoja kimoja, akiinama na kutazama chini ya kila kimoja. Ndipo alipomwambia dereva waondoke.

Dereva huyo ni Sowedi, Mganda, mcheshi sana. Alinisimulia hivi: "Basi liko tupu, mimi nina njaa, yeye anakagua. Namwambia, 'Yalla, twende, Rispah, hakuna mtu!' Ananijibu, 'Nitajuaje kabla sijaangalia?' Miaka saba, jibu lile lile!"

Kituo cha mwisho kilikuwa Al Baraha, kwenye zile nyumba za ghorofa za zamani. Hapo alishuka mtoto mmoja aitwaye Thuwein. Aliyempokea kila siku ni bibi yake, Bibi Zuwena, mzaliwa wa Unguja, ambaye familia yake imekaa hapa miaka mingi. Siku ya kwanza Rispah alimsalimia, "Habari ya leo, mama?" Bibi akamtazama juu mpaka chini.

"Mimi rika lako?"

Rispah akaona haya. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hicho Kiswahili chako kimevaa buti."

"Bora kinatembea, Bibi."

Bibi Zuwena ananiambia alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo wakawa watu wa kutaniana mlangoni pa basi, dakika mbili kila siku.

Wasikilizaji wapendwa, sasa nawaleta kwenye siku ngumu. Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka elfu mbili kumi na nne. Upepo wa vumbi ulivuma tangu asubuhi. Thuwein alikuwa na miaka saba, na alikuwa na ugonjwa wa pumu. Basi likiwa limekwama kwenye foleni, mtoto akaanza kukohoa. Kisha kifua kikaanza kulia kama filimbi.

Rispah hakuijua pumu. Alidhani ni mafua makali. Alifanya kama wanavyofanya wengi wetu nyumbani. Alizima kiyoyozi, akamvisha sweta lake, akampaka dawa ya kuchua ya Robb kifuani, akamlaza kwenye viti viwili. Alimlaza. Alifanya yote hayo kwa upendo, na yote hayo yalizidi kumbana mtoto.

Je, dawa ya Thuwein ilikuwa wapi? Ilikuwepo. Mama yake alishaipeleka shuleni, ile inhela, pampu ndogo ya kuvuta dawa ya pumu. Lakini kanuni ya shule ilisema dawa zote zifungiwe kwenye kabati la kliniki, mtoto asibebe, na mtu asiye muuguzi asiguse. Kanuni ile ilitungwa kwa nia njema, watoto wasije wakachezea dawa. Basi dawa ikawa Al Garhoud, ndani ya kabati, chini ya kufuli. Na mtoto akawa barabarani.

Walipofika Al Baraha midomo ya Thuwein ilishabadilika rangi. Bibi Zuwena alipanda basini na viatu mkononi. Alikuwa na inhela nyingine kwenye pochi. Alimketisha mjukuu wake wima, akamvutisha dawa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sowedi akawapeleka hospitali. Mtoto alilazwa siku tatu, akapona.

Ijumaa yake ya mapumziko Rispah alikwenda hospitali na kichane cha ndizi mbivu. Alisimama mlangoni, hakuweza kuingia. Bibi Zuwena hakumung'unya maneno.

"Ulimlaza! Mwenye pumu halazwi, mwanangu, huketishwa! Ungeniulia mtoto!"

"Najua, Bibi. Sasa najua. Nifundishe."

Bibi anasema neno hilo moja, "nifundishe", ndilo lililomvunja nguvu. Alitoa inhela iliyokwisha dawa, wakakaa ukingoni mwa kitanda. Tikisa. Atoe pumzi. Bonyeza, avute taratibu. Abane, hesabu mpaka kumi. Rispah alirudia mara ishirini, huku Thuwein mwenyewe akimsahihisha kutoka kitandani: "Anti, unahesabu mbio."

Alipoaga, Bibi alimtilia mkononi inhela mpya. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Tia mkobani. Funga zipu, na funga mdomo."

Wasikilizaji wapendwa, ni wangapi kati yetu tungeichukua na kunyamaza? Mimi, nikisema kweli, ningenyamaza. Rispah aliitazama ile inhela, akasema, "Bibi, nikienda likizo, mkoba huu utaenda na mimi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siku hiyo Thuwein atabaki na nani? Sitaki kuificha. Nataka iandikwe."

Jumapili, siku ya kwanza ya kazi, Rispah aliingia ofisi ya msimamizi wa usafiri akaiweka inhela mezani. Alieleza yote, hata kosa lake la kumlaza mtoto. Msimamizi alimsikiliza, kisha akasema, "Rispah, dawa ni ya nesi. Wewe kazi yako kuhesabu watoto. Khalas, yameisha." Akampa barua ya onyo asaini. Barua ilisema mhudumu akishika dawa ya mtoto, mkataba wake utavunjwa. Nasi tunaoishi hapa tunajua, mkataba ukivunjwa, viza nayo inafutwa.

Rispah alisaini. Kisha akaomba nakala.

Jumapili iliyofuata akarudi na ombi lile lile. Na ile iliyofuata. Msimamizi akaanza kumtania, "Rispah, Jumapili watu wa kwenu huenda kanisani. Wewe unakuja ofisini kwangu?" Akamjibu kwa adabu, "Ndiyo, sir. Ombi langu liko huku."

Aliogopa, msidhani hakuogopa. Thuwein aliendelea kupanda basi lile kila siku, dawa ikibaki kabatini, na Rispah alikaa karibu naye akimsikiliza anavyopumua.

Aliyepinga zaidi, kwa kusema kweli, alikuwa muuguzi wa shule, Sister Lillian. Ameniruhusu niseme hivyo. Aliniambia, "Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo shingoni. Nilimwona kama anataka kuchezea leseni yangu. Dawa ikikosewa, nitaulizwa mimi. Lakini usiku, hapana, hata mchana, nilikuwa najiuliza: basi likishatoka getini, ufunguo wangu unamsaidia nani?"

Mwezi wa kumi mwaka ule ule, Sister Lillian alisoma kwamba Uingereza imebadilisha sheria. Sasa shule za kule zimeruhusiwa kuweka inhela za akiba kwa ajili ya dharura. Alichapa karatasi zile akazipeleka kwa mkuu wa shule. Mkuu alimwambia kwamba sheria ya Uingereza si sheria ya hapa. Lakini akaongeza, "Tunafuata vitabu vyao, mitihani yao, hata sare zao. Hili nalo tulitazame."

Walikaa kikao na daktari na wazazi. Mama yake Thuwein alikuja, na Bibi Zuwena akaja naye bila kualikwa. Rispah aliitwa aeleze yaliyotokea, akasimama karibu na mlango. Walibishana kwa muda mrefu kuhusu mstari mmoja tu. Nani ataruhusiwa kumpa mtoto dawa? Muuguzi peke yake? Mwalimu? Je, dereva? Kila aliyetajwa alikuwa na saa ambayo hayupo.

Sister Lillian ndiye aliyekuwa anaandika. Anasema Rispah aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Sister, andika aliye karibu."

Wakaandika. Mtu mzima aliyefundishwa, aliye karibu zaidi na mtoto. Mwezi wa kwanza, elfu mbili kumi na tano, kanuni mpya ya shule ile ikaanza kutumika. Narudia, maana hili ni la kukumbukwa. Kanuni mpya ilisema kila mhudumu na kila dereva afundishwe. Ilisema kila basi liwe na mfuko mwekundu wa dharura nyuma ya kiti cha dereva. Mfuko usiwe na kufuli, ila utepe mwembamba wa plastiki unaokatika kwa vidole. Miaka michache baadaye ziliongezwa pia sindano za dharura, kwa watoto wenye mzio wa karanga na vyakula vingine.

Rispah aliuongeza mfuko kwenye desturi yake. Kila asubuhi aligusa mfuko kwanza, kisha viti.

Mwezi wa kumi na moja, elfu mbili kumi na sita, mama yake alifanyiwa upasuaji, Rispah akaenda Nyamira. Nafasi yake ilishikwa na Caren, Mkenya mwenzake, aliyekuwa na wiki mbili tu kazini. Siku ya nne, basi likiwa kwenye foleni karibu na mnara wa saa wa Deira, kifua cha Thuwein kikaanza kulia.

Caren alinieleza hivi: "Nilikuwa nimefundishwa, lakini wacha nikuambie, kichwa kilikuwa tupu kabisa. Nilikata utepe. Ndani kuna inhela, na karatasi ya maelekezo ya Kiingereza. Chini yake kuna mwandiko wa kalamu, Kiswahili, umepigiwa mistari miwili. 'Mketishe. Usimlaze.' Na mimi, dada yangu, nilikuwa tayari nimeanza kumlaza."

Alimketisha. Akatikisa, akabonyeza, akahesabu. Dawa ilimfikia Thuwein pale pale barabarani, kabla midomo haijabadilika rangi. Safari hii hakulazwa hospitali. Daktari alimwona, na mtoto akala chakula chake cha mchana nyumbani.

Caren akamwandikia Rispah ujumbe Nyamira. Jibu likaja upesi: "Asante Mungu. Asante Caren. Umeweka utepe mpya?"

Hapo Caren alicheka. Akaniambia, "Sikujua kama alijifunza hayo maneno mawili kwa kosa lake mwenyewe. Niliambiwa baadaye. Mtu mwingine angelificha."

Rispah aliugua figo mwezi wa saba mwaka huu. Shule ilikuwa imefungwa. Wenzake walimhudumia kwa zamu hospitalini, mpaka tarehe kumi na nne mwezi wa nane. Alizikwa kwao Nyamira. Binti yake Daisy, ambaye sasa ana miaka kumi na tisa, aliniambia kwa simu, "Mama hakutuambia habari za mfuko. Sisi alitupigia kutuuliza kama tumekula. Tulisikia siku ya mazishi, ujumbe wa Sister Lillian uliposomwa. Ninamshukuru aliyeuandika. Sasa najua siku zake zilikuwaje huko."

Basi shule zikafunguliwa mwezi huu wa tisa. Watoto walimkuta Caren mlangoni. Wadogo waliuliza, wakaambiwa taratibu. Thuwein sasa ana miaka kumi na mmoja. Walipofika Al Baraha hakushuka. Aligusa mfuko mwekundu. Kisha akatembea mpaka kiti cha nyuma kabisa, akigusa kiti kimoja kimoja, akiinama na kutazama chini. Sowedi, aliyeniambia haya, alinipa mgongo.

Bibi Zuwena alikuwa chini anasubiri. "Mbona umechelewa, bwana mdogo?"

"Nilikuwa nakagua, Bibi."

Kwa Daisy, kwa mama mzazi wa Rispah, kwa ndugu wote wa Nyamira, na kwa wenzake wa basi namba saba, tunatoa pole. Mungu awape nguvu, naye ampumzishe mahali pema. Tunawashukuru kwa kutuazima mtu wenu kwa miaka saba.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, wazazi, yaya, walinzi wa getini, madereva, wapishi wa shule, nawaomba jambo moja Jumapili mtakaporudi kazini. Ulizeni dawa ya dharura ya mtoto iko wapi, na nani ana ruhusa ya kuigusa. Mkijibiwa kwamba iko salama kabatini, ulizeni tena kwa adabu. Rudini Jumapili nyingine. Na mkiulizwa nani aandikwe, jibu mnalo, mmeachiwa na Rispah Nyaboke, aliyelisema akiwa amesimama mlangoni na mkono juu.

Aliye karibu.