Mguu Unaorudi Nyuma

Kijiwe chenyewe kilikuwa kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi bovu na kuegemezwa ukuta wa duka la dawa, pale njia ya uwanjani inapokatana na njia ya stendi. Mwisho mmoja alikaa Fundi na sanduku lake la misumari, gundi na soli. Mwisho wa pili Mama Buli na jiko lake la kahawa. Katikati palikuwa pa wenye maneno. Palikuwa pa Breki, dereva wa malori aliyestaafu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akifunga breki, barabarani wala mdomoni. Na palikuwa pa Takwimu, muuza magazeti, ambaye kila alichokisoma alikiamini, na asichokisoma alikitungia asilimia. Asubuhi walipanga mambo ya dunia, jioni wakayapangua. Lakini majira yale dunia ilikuwa imewekwa kando. Habari ilikuwa moja tu: mguu wa kushoto wa binti yake Fundi.

Binti alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa mpigaji wa besiboli. Alipoupata mpira sawasawa, mlio wake ulisikika mpaka kijiweni, na Breki ndiye aliyesema huyu si mtoto, huyu ni radi. Jina likashika. Fundi naye, ambaye miaka yote alikuwa Fundi tu, akaanza kuitwa Baba Radi hata na watu wasiomletea kiatu. Aliipenda salamu hiyo kuliko alivyojua mwenyewe.

Kisha mrushaji mmoja wa timu ya ng'ambo ya daraja akavurumisha mpira ukapotea njia, ukampata binti chini ya jicho. Mpira wa besiboli ni mgumu, ngozi iliyokazwa kwa uzi. Fundi aliwahi kushona uliofumuka na alijua uzito wake mkononi. Mganga wa zahanati alisema mfupa uko salama. Uvimbe ukashuka, weusi ukageuka manjano, manjano ikafutika. Uso ukapona. Mguu ndio haukupona. Kila mpira uliporushwa, mguu wa mbele, ule wa kushoto, ulichomoka ukarudi nyuma, kando, kama wa mtu aliyekanyaga kaa la moto, na gongo la kupigia likapita hewani peke yake.

Kocha wao alikuwa mama mmoja mfanyakazi wa kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli, aliyecheza mchezo huo ujanani. Wazazi, akiwa hayupo, walimwita Kobe, kwa kutokuwa na haraka. Alipouona ule mguu hakugomba. Alimtoa binti kwenye kikosi cha wakubwa akampeleka kwa wadogo, wanaopigia mpira juu ya kigingi, kile kijiti cha kimo cha kiuno ambacho mpira hutulizwa juu yake kama yai juu ya kikombe. Akamwambia apige hapo mpaka achoke kuogopa.

Wazazi walimjia juu kwenye kikao, maana uteuzi wa timu ya vijana ya mkoa ulikuwa umekaribia. Wengine waliuliza mbona wanao hawafundishwi kupiga mbali. Mwingine akataka kujua faida ya mazoezi yasiyoleta kombe. Kocha aliwasikiliza wote mpaka mwisho, halafu akasema: "Mimi simfundishi mtoto mechi ya Jumamosi. Namfundisha ili akiwa mtu mzima bado awe anatamani kushika gongo. Mwenye haraka na Jumamosi aniambie mapema." Hakuna aliyemwambia. Walitoka nje wakaambiana wao kwa wao.

Fundi alirudi kutoka kikao kile na kitu tumboni. Hakuwa na jina la kukiita. Kilimwamsha kabla ya alfajiri, akalala macho akisikiliza binti anavyopumua upande wa pili wa pazia. Aliwahi kuwaona watoto waliosifiwa mtaa mzima, kisha siku moja wakapita na mfuko wa saruji begani na hakuna aliyekumbuka kuwasifu. Aliogopa mlango unafungwa. Aliogopa pia kwamba kitu kimeingia kwa mwanawe pamoja na ule mpira, na kwamba hakitatoka. Asubuhi alikwenda kijiweni na hofu hiyo kama mtu anayepeleka kiatu kwa fundi mwenzake.

— Dawa ya moto ni moto, alisema Breki. Aliyeumwa na mpira, atibiwe kwa mpira.

— Tatizo si mpira, ni umri, alisema Takwimu. Kuna kifupa nyuma ya goti, kinaitwa kifupa cha ujasiri. Mtoto akigonga miaka kumi na mitatu, kinafunga. Asilimia tisini hawafunguki tena.

— Umekisoma wapi hicho kifupa? aliuliza Mama Buli.

— Kiko kwenye makala.

— Basi kibaki huko huko.

Lakini Fundi alikuwa ameshahesabu kimoyomoyo miezi iliyobaki kufika miaka kumi na mitatu. Breki akaendelea. Kwa maoni yake, Kobe alikuwa anamficha binti makusudi, ili uteuzi upite, mtaa usahau, halafu ampeleke kimya kimya timu ya mji mwingine. Takwimu akasema hata yeye alishaliona hilo. Ikatoka hapo kuwa woga hukaa kwenye kifundo cha mguu, ndiyo maana kuku anayechinjwa hufungwa miguu kwanza. Ilipofika kahawa ya pili wote wawili walikuwa wamekubaliana: mguu usiporuhusiwa kurudi, utasahau kurudi.

— Samaki mkunje angali mbichi, alimaliza Breki.

Mama Buli alikuwa anasuuza vikombe. Bila kugeuka akauliza, — Huyo samaki mnamkunja au mnamvunja?

Walicheka. Fundi naye alicheka, akatamani asingekuwa amecheka, kisha akainama akaendelea kugonga soli.

Jumapili alasiri alimchukua binti mpaka yadi ya malori, ambako Breki, aliyefuatana nao, alikuwa bado na heshima yake kwa mlinzi. Uwanja ulikuwa mtupu, mafuta meusi yameganda ardhini, na upande wa nyuma limelala tairi la lori lenye ukubwa wa meza. Fundi alimweleza binti kwamba ni zoezi dogo tu. Akatoa ukanda wa ngozi, wa aina anayoshonea viatu vya shule, akapiga magoti, akaufunga mguu wa kushoto wa mwanawe kwenye lile tairi. Alifunga kwa fundo la kazi, lile lisilolegea. Binti alimwangalia utosini muda wote huo.

Breki alianza na mipira laini. Mguu ulivutika, ukanda ukaukatalia. Akaongeza nguvu kidogo. Binti akazungusha gongo akiwa amegeuza uso pembeni. Fundi akamwambia afungue macho. Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyoikusudia. Breki alikuwa ameshapata moto. Akarusha mpira wa kweli.

Mtoto hakuwa na pa kwenda. Gongo lilimtoka mkononi, akajikunja akajifunika kichwa kwa mikono yote miwili, na mpira ukamgonga begani, ukaruka mpaka kwenye mabati. Mabati yakalia.  Breki alisema pole, akaisema tena. Fundi alibaki pale alipokuwa amesimama.

Binti hakulia. Alikaa chini, akalifungua lile fundo kwa meno na kucha, akaukunja ukanda vizuri kama alivyomwona baba yake akikunja kila siku, akamkabidhi.

— Ukanda wako, baba.

Tangu hapo aliongea yaliyo ya lazima tu. Alikula, akaosha sahani, akaenda shule. Fundi alijiambia kwamba atazoea.

Jumanne jua likiwa linaelekea kuzama, kijiwe kilikuwa kimefikia dawa mpya. Breki alisema kosa lilikuwa kufunga mguu mmoja badala ya miwili. Takwimu alisema yadi ina harufu ya dizeli, na dizeli huamsha woga kwa wasichana. Hawakuwa wamemaliza walipomwona Kocha akija kutoka uwanjani, bado na sare yake ya kiwandani, na begi la binti mkononi. Hakuwahi kukaa pale hata siku moja, na hakukaa.

— Shikamooni. Begi lake nimelikuta limetundikwa kwenye uzio. Mwenyewe hajafika mazoezini. Yuko wapi?

 Walikuwa wameuongelea mguu wake tangu saa za mchana, na kati yao hakuna aliyejua uko wapi.

Walitawanyika. Takwimu alielekea stendi, Breki shuleni, Mama Buli akaacha jiko na mtu wa duka la dawa. Fundi na Kocha walishika njia ya darajani. Reli ilikuwa upande huo. Mto ulikuwa upande huo pia. Fundi alijikuta anaangalia vitu ambavyo hakutaka kuviona: kandambili moja kando ya njia, kitu cheupe kilichonasa kwenye matete. Kila mara hakuwa yeye. Akiwa anahema alimsimulia Kocha habari ya yadi, yote, hata fundo.

 Kocha akasema, "Ule mguu unamlinda, Fundi. Ulikuwa unamwambia baki salama. Mimi nilikuwa naubembeleza. Wewe ukauadhibu."

"Itachukua muda gani?" Fundi aliuliza.

"Sijui. Pengine majira haya, pengine mengine. Pengine asipige tena. Nikikuambia najua, nitakuwa nakudanganya."

Neno hilo lilimwogopesha Fundi kuliko kelele zote za kijiweni, kwa sababu lilikuwa la kweli.

Walimkuta ng'ambo, kwa shangazi yake, dada mkubwa wa Fundi, mpishi wa bweni la wanafunzi. Binti alikuwa amelala chumbani na viatu miguuni. Shangazi alimzuia mdogo wake mlangoni, akamsogeza mpaka kwenye karo la vyombo, akaongea kwa sauti ya chini.

"Ameniomba ahamie hapa. Nikamuuliza mwanangu, kwani umepigwa? Akasema hapana. Akasema kule kwetu hawamtaki mtu muoga."

Fundi alitafuta ukuta akauegemea. Alitaka kusema kwamba si hivyo, kwamba muoga ni yeye.  Shangazi alimpa maji, kisha akamwambia arudi nyumbani kwake; mtoto angebaki mpaka atakapotaka mwenyewe.

Akabaki wiki hiyo na iliyofuata. Uteuzi wa timu ya mkoa ulifanyika bila yeye. Siku hiyo Fundi alisikia shangwe za uwanjani akiwa kwenye sanduku lake, akajigonga kidole kwa nyundo, akaendelea. Kila jioni alivuka daraja akaketi jikoni kwa dada yake akimenya viazi vya bweni. Mwanzo binti alipita bila kumwangalia. Baadaye akawa anamenya naye. Hawakuongea habari za mpira. Siku moja, viazi vikiwa vimebaki vichache, Fundi alisema, "Nisamehe, mama," na binti akaitikia kwa kichwa, akamsogezea sufuria.

Alirudi nyumbani mwenyewe, siku ambayo hakuna aliyemtarajia, na jioni yake akashika njia ya uwanjani. Alikuwa anarudi kwa wadogo, kwenye kigingi. Njia ilipita kijiweni, naye safari hii akasimama. Akawaamkia wakubwa wote, mmoja mmoja. Breki akamsogezea nafasi, akasafisha koo, na kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kuomba radhi, akaanza kueleza dawa aliyoisikia: mtu akitazama jua linalochomoza, jicho huzoea kitu kinachokuja usoni. Takwimu akaongeza kwamba bado ipo miezi kabla kifupa hakijafunga. Fundi alisema basi jamani, lakini walishanoga. Wakaanza kubishana mashariki ni upande upi.

Binti aliwasikiliza, mkono mmoja umeshika mkanda wa begi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kujua.

— Samahani, alisema. Anayerushiwa mpira ni mimi. Nyinyi mnaogopa nini?

Breki akafungua mdomo, akaufunga. Takwimu akatazama magazeti yake, yote, kurasa za mbele. Mama Buli aliinua buli, akakuta halina cha kumimina, akaliweka chini taratibu lisitoe mlio. Binti alimgeukia baba yake, akamsubiri yeye peke yake, kwa adabu, muda mrefu kuliko aliowasubiri wengine. Fundi alikuwa na kiatu cha mtu mkononi. Jibu alilijua lilipo, lilikuwa pale pale tumboni lilipokuwa siku zote, lakini alipolivuta halikuja.

— Basi nachelewa, alisema binti, akaenda zake uwanjani.